Ombi la Kusamehewa Kutafuna

Kwa Mtaalamu wa Lishe,
Chumba cha mwisho baada ya mizani,
Hospitalini.

Ndugu Mtaalamu,

KUHUSU: LALAMIKO DHIDI YA YAI, NA OMBI LA CHETI CHA KUTOTAFUNA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umeshiba, maana mwenye njaa hasomi malalamiko ya mwenzake kwa haki.

Mimi ndiye yule mgonjwa uliyemwambia wiki iliyopita, huku ukifunga kalamu yako, "Tumbo limepona vizuri sana, dada. Sasa tuanze kula." Ulisema "tuanze", kwa wingi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusubiri mezani kwetu, na hujatokea.

Ili usisumbuke kutafuta faili: mimi ni yule niliyepunguzwa tumbo ili nipungue mwili, nikabakishiwa mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Nimeishi kwa maji, kisha kwa supu iliyochujwa, kisha kwa vitu vilivyosagwa mpaka vikasahau asili yake. Yote hayo nimeyafanya kwa utii, na nadhani hata mizani yenu inaweza kunitolea ushahidi. Tatizo limeanza pale karatasi yako ilipofika kwenye mstari unaosema: "Yai la kuchemsha. Tafuna vizuri."

Huenda ukadhani mimi ni mtu wa kuogopa ovyo. Sivyo. Ninafanya kazi katika maabara inayopima vifaa vya ujenzi, na kazi yangu ni kuvunja zege. Wakandarasi hutuletea vipande vilivyomiminwa kama visanduku, tunaviweka kwenye mashine, mashine inavikandamiza mpaka vinapasuka, nasi tunaandika kila kimoja kilistahimili nini. Nimesomea kazi hiyo. Imenifundisha kwamba hakuna kitu kinachobebeshwa mzigo kabla hakijapimwa, hata kama mwenye nacho anakusihi na lori lake linanguruma nje. Kwa hiyo nimeshangazwa na hospitali inayobebesha mshono yai zima kwa kutabasamu tu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba karatasi inaruka. Jumapili mtu anakunywa, Jumatatu anatafuna. Kati ya kikombe na yai kuna mto, na pale palipotakiwa daraja wewe umeweka nukta.

2. Kwamba "tafuna vizuri" haina kipimo. Nilikuuliza vizuri ni vipi, ukanijibu, "Mpaka kiwe laini kama uji." Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa, nikiwa ndani ya basi, nikiwa kazini, nikiwa naoga, na kila nikilifikiria linakuvunjia hoja yako mwenyewe. Ikiwa chakula kigumu lazima kiwe uji kabla ya kumezwa, basi hakuna mtu duniani anayekula chakula kigumu. Watu wote wanakunywa uji, ila wengine wanautengenezea mdomoni. Mimi nina blenda. Ina kasi tatu na kifuniko. Mdomo wangu una kasi moja, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa kukosa kifuniko.

3. Kwamba yai halikupimwa. Hapa nililazimika kuingilia kati.

Kwa utaratibu wa maabara yetu, kila mchanganyiko wa zege hutolewa sampuli tatu. Mbili huvunjwa. Ya tatu tunaiita shahidi: hufungiwa kabatini, wala haiguswi na mtu mpaka pande zote mbili, aliyejenga na anayejengewa, ziseme zimeridhika. Kukiwa na ubishi, shahidi ndiye huamua. Pasipo shahidi, lalamiko hufutwa. Basi nilichemsha mayai matatu ya trei moja nikaenda nayo kazini ndani ya kopo la plastiki.

La kwanza niliweka na ganda lake. Lilipasuka kabla sindano ya kipimo cha mashine haijaamka. La pili nililimenya. Mwenzangu wa chumba kimoja, ambaye sote tunamwita Fundi Mashine na ambaye analipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa, alishusha chuma taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Yai likalala, likatandaa, likawa kama rangi ya ukutani. Sindano haikusogea hata kidogo. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, akanigeukia, akasema, "Dada, hii mashine imevunja nguzo za madaraja. Yai imelidharau."

Naomba uone uzito wa jambo hilo. Kitu kinachovunjika tunakijua kilipovunjikia. Kitu kinachokataa kuandikika ndicho cha kuogopwa, kwa sababu hatujui kinaweza nini. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Mkuu wa maabara alipoingia akifuata harufu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima zake, kisha akasema, "Binti, nenda kaoshe mashine." Kwenye safu ya matokeo tumeandika: haipimiki.

Yai la tatu, yaani shahidi, lipo salama, na nimeliambatanisha na barua hii ndani ya kopo lile lile, usije ukasema nimetunga.

4. Kwamba nyumba yetu imekuwa nyumba ya siri. Tangu nirudi kutoka hospitalini hakuna anayekula mbele yangu. Hakuna aliyeamriwa. Ni huruma tu, na huruma ikizidi huwa kero. Baba ni kinyozi. Siku hizi anakula huko huko kazini, nyuma ya pazia, kati ya mteja na mteja, kisha anamumunya peremende ili nisinuse kitunguu. Fikiria basi: mwanamume mtu mzima anarudi nyumbani jioni amejifuta mdomo, ananukia peremende, na akikaribishwa supu anasema hana njaa. Majirani wameshajumlisha. Mama wa mlango wa pili, yule muuza mkaa, amemshika mama mkono pale bombani akamwambia, "Mwenzangu, ya wanaume yana mwisho wake. Vumilia." Mama alishindwa kumweleza kwamba hawara mwenyewe ni mkate na maharage.

Kingine ni ukimya. Mama yangu hutafuna kwa sauti. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikimwambia afumbe mdomo anapotafuna, naye akanijibu kwamba chakula kitamu hakiliwi kama kimeibiwa. Ilikuwa kero kubwa ya utoto wangu, nilikuwa nikihama chumba. Sasa meza yetu imenyamaza kama ofisi siku ya mapumziko, mimi na yeye na vikombe vyetu. Sikutegemea kwamba ningekuja kuilalamikia hospitali kwa kuniondolea kero hiyo, lakini ndiyo hivyo.

5. Kwamba mama yangu anakonda bila kupasuliwa. Hili ndilo lalamiko lenyewe. Mengine yote ni kokoto za kujazia.

Asubuhi niliyosukumwa kwenda chumba cha upasuaji, mama alinishika kidole gumba akaniambia, "Tunaingia wawili, tutatoka wawili. Sitatafuna mpaka utafune." Nilidhani ni maneno ya kumtia mtu moyo, kama ya wale wanaosema "niko nawe" kisha wanakwenda zao kulala. Mama yangu si wa namna hiyo. Nilipokunywa maji, alikunywa maji. Nilipofika kwenye supu, alinikuta hapo. Nilipoanza vya kusagwa, akaniletea kikombe chake nimmiminie. Mimi nimepangiwa na daktari. Yeye amejipangia mwenyewe, tena akiwa na tumbo zima lenye haki zake zote.

Mama ni fundi cherehani. Ndiye anayenipunguzia magauni kila ninavyopungua, pini zikiwa mdomoni, akinung'unika, "Simama wima. Mwili huu mgeni, bado sijauzoea." Juzi niliingia chumbani kwake nikamkuta anapunguza kiuno cha gauni la kijani. Nikamuuliza la nani. Akasema, "La mteja." Ndugu Mtaalamu, gauni lile nalijua. Lina doa la wino begani, na doa lenyewe nililitia mimi nikiwa darasa la tatu. Mteja ni yeye.

Kesho yake aliinuka kufuata mkasi, akaegemea cherehani, akafumba macho akisubiri chumba kitulie. Nikamwambia, "Mama, kula." Akasema, "Anza." Nikamwambia mimi nina mshono tumboni. Akasema mshono ndiyo kazi yake: akishona yeye, mteja anakaa, anainama, anacheza, na haufumuki, sembuse daktari aliyesoma mpaka nywele zikamwisha. Ningetulia kwa maneno hayo, kama nisingemkumbuka yule mteja wake aliyefumukiwa mgongoni akiwa amesimama mbele ya watu, anatoa shukrani.

Ninachosema ni kwamba karatasi umempa mtu mmoja na wamefunga watu wawili. Mimi nilipimwa, nikapanga foleni, nikafundishwa, nikasaini. Mama anakonda kwa ukaidi mtupu, bila faili, bila foleni, na kwa kasi inayotia aibu wagonjwa halali. Yeye hakuwa na kilo za kuchezea. Akianguka juu ya mkasi, mtaandika sababu gani?

6. Kwamba nimeachiwa meno. Kazini kwetu kifaa kisichotumika hurudishwa stoo, kisije kikapotea kikiwa kwa jina lako. Niko tayari kuyarudisha yote, na yapo katika hali nzuri, isipokuwa moja la nyuma lenye kiraka.

7. Kwamba hukuniuliza ninaogopa nini. Uliuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Uliuliza kama ninatapika, nikasema hapana. Ndipo ukafunga kalamu. Ungeuliza, ningekuambia kwamba ninaogopa mambo mawili ambayo hayawezi kutokea pamoja. La kwanza ni kwamba tonge litakwama. La pili ni kwamba litapita.

Likikwama nitaumia, nitakuja, mtanishughulikia, yatakwisha. Lakini likipita salama, likawa tamu, mkono wangu ukanyooka kufuata la pili kabla sijautuma, basi nitajua kwamba mlikata tumbo mkamwacha mwenyewe. Namfahamu huyo mwenyewe. Ni mimi, saa kumi jioni, nimesimama mbele ya friji iliyofunguliwa, nasikiliza kama kuna mtu anakuja. Kwenye supu haonekani. Hakuna mtu aliyewahi kupotelea ndani ya kikombe cha supu iliyochujwa. Kwa muda wote huu nimeishi bila kukutana naye, nikaanza kufikiri labda amehama mji. Wewe unanipa yai kama mtu anayenipa ufunguo wa mlango aliopo. Sikatai yai, Ndugu Mtaalamu. Ninakataa kukutanishwa.

Kwa kuwa mambo ndivyo yalivyo, naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu na kwa haraka.

Kwanza, nipewe cheti chenye mhuri, kinachotamka kwamba mimi ni mtu wa vimiminika mpaka mwisho wa uhai wangu. Cheti hicho si cha kwangu, ni cha kumwonyesha mama. Akikisoma ataona hakuna tena cha kusubiri, kiapo chake kitakuwa kimekosa ukingo wa pili, naye ataanza kula. Nimezichunguza njia nyingine zote, na hii ndiyo pekee inayomlisha mama bila kunilisha mimi.

Pili, iwapo cheti hakitawezekana, basi hospitali itume ofisa aje mezani kwetu na aanze yeye. Neno lilikuwa "tuanze". Kiti tunacho. Aje na yai lake.

Tatu, iwapo ofisa pia hatapatikana, naomba utafunaji usitishwe kwa muda katika mtaa wetu mzima, ili pasiwe na anayejificha na anayefichwa. Baba atarudi kukaa nyumbani bila kula kama sisi, muuza mkaa ataacha kumhurumia mama, na ndoa ya wazazi wangu itapona. Wafanyabiashara wa vyakula watapata hasara kidogo, lakini kinyozi mmoja atakuwa ameacha peremende.

Nne, iwapo hata hilo ni zito, basi yai liondolewe kwenye orodha ya vyakula laini na lipelekwe panapolistahili, yaani kwenye vitu ambavyo sayansi bado haijavifikia.

Naamini utayatazama haya kwa jicho la haki. Sina ugomvi nawe. Uliongea nami kwa upole, na ulinipa kiti kisicho na mikono bila mimi kuomba, jambo ambalo ofisi nyingi hazijawahi kulifikiria. Nisalimie yule muuguzi wa mizani ambaye husoma namba kimya kimya na kuangalia dirishani. Nisalimie daktari aliyenishona, mwambie bado tunaujadili mshono wake nyumbani, na kwamba ana mtetezi. Mpishi wa wodi yetu naye salamu zake, supu yake ilikuwa na chumvi ya mtu anayejali. Na yule mwenzangu wa kitanda cha pili, aliyekuwa akila biskuti chini ya shuka akidhani hatusikii, mwambie tulisikia, na hatukumsema.

Ni mimi, mgonjwa wako, mtiifu kwa kila kinachomiminika,

Mvunja Zege

Nakala: Mkuu wa maabara, kwa taarifa.
Kiambatanisho: Yai moja (shahidi).

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Mtaalamu, kiambatanisho hakitafika.

Nyumbani kwetu hakuna barua inayotoka kabla mama hajaisoma, kwa sababu anasema mimi nikikasirika natumia lugha nzuri mno na watu wanaogopa. Alikaa nayo pale kwenye cherehani. Kopo la shahidi lilikuwa mbele yake. Mama ana mikono isiyojua kupumzika. Macho yakisoma, mikono ilifungua kopo, ikagonga yai kwenye ukingo wa meza, ikaanza kumenya, na mwenyewe hakujua. Alicheka kwenye peremende. Alipofika lalamiko la tano alilisoma mara mbili. La saba alilisoma mara nyingi zaidi, na yai lilikuwa limebaki uchi mkononi mwake.

Akaniuliza, "Kwa hiyo ukipata hicho cheti, mimi nile peke yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe umekaa hapo na kikombe chako, unanitazama."

Nikasema ndiyo, mama.

"Miaka yote nimekula na wewe, leo nile na ukuta," akasema, lakini hakusema kwa hasira. Kisha akauliza, "Huyo wa mbele ya friji. Mbona mimi namjua? Nilikuwa naingia jikoni nikikohoa makusudi ili apate muda wa kufunga mlango. Akija, tutamwekea kiti. Nimemzaa mimi."

Akavuta uzi kwenye cherehani, uzi mweupe, akaukata kwa meno, akauzungusha kwenye yai na kuvuta. Mafundi cherehani hukata yai hivyo, kumbe. Likatoka kipande chembamba kama kifungo cha shati. Akakata kingine. Akaweka kimoja mbele yangu, kimoja mbele yake, akakaa na mikono yake mapajani akinisubiri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuiona mikono ile imetulia.

Nilitafuna. Sijui kama ilikuwa vizuri. Kilipita. Nilikaa nikimsubiri yule mtu afike, nikatafuna cha pili nikimsubiri, na cha tatu. Baada ya cha tatu sikutaka tena. Hakuna aliyenizuia. Nilitosheka tu, neno ambalo kabla ya hapo nilikuwa nalijua kwa kulisoma. Kilichobaki alikila mama, akaongeza viazi viwili, akamtuma mtu amwite baba kutoka kinyozini aje kula kwake kama mume wa watu.

Kwa hiyo shahidi hayupo, na kwa kanuni nilizokueleza mimi mwenyewe, lalamiko limefutwa. Ninaweza hata hivyo kuthibitisha kwa maandishi kwamba pande zote mbili zimeridhika. Barua naituma kwa sababu stempu imeshabandikwa, na kwa sababu nina swali: karatasi yako imeweka samaki wiki ijayo. Je, mtu akimaliza yai mapema anaweza kusogezwa?

Ninaandika haya tukiwa bado mezani. Mama anatafuna kwa sauti ile ile ya zamani, inafika mpaka barabarani. Nimemwambia afumbe mdomo. Ameniambia nisiongee na chakula mdomoni.